Muhula wa Furaha ya Lazima

Jumatatu, Mei 6

Shule imefunguliwa leo na nimeshakasirika.

Mkuu amerudi kutoka semina na begi jipya la mgongoni na mpango. Alitukusanya chumba cha walimu, akasimama mbele ya kabati la vikombe, akatangaza kwamba kuanzia muhula huu shule yetu itakuwa shule ya wanafunzi wenye furaha na matumaini. Wageni kutoka ofisi ya elimu watakuja kujionea. "Nani atakuwa mlezi wa mpango huu?" akauliza. Walimu wote wakaanza kuchunguza viatu vyao. Mimi nilikuwa nimeinama natafuta kalamu chini ya meza. Nilipoinua kichwa, nikakuta nimeshateuliwa na wenzangu wananipigia makofi.

Nafundisha hisabati darasa la mtihani. Hakuna somo linalonuniwa shuleni kama langu. Sasa furaha nimekabidhiwa mimi.

Nyumbani mume wangu, fundi seremala, alicheka mpaka akaweka randa chini, na yeye akiwa kazini pale uani huwa haachi randa hata nyumba ikiwaka moto. "Wewe? Wewe uliyemnunia mama yangu siku ya harusi?"

"Nilikuwa naumwa jino."

"Miaka yote hii bado linauma?"

Jumanne, Mei 7

Mpango wenyewe ni huu. Kila asubuhi mstarini wanafunzi watatamka kwa pamoja: "Nina furaha! Naweza! Kesho yangu ni njema!" Halafu kuna nyimbo, na igizo la kuwaonyesha wageni, na vyote vinahitaji mazoezi. Nikauliza mazoezi yatafanyika saa ngapi, maana ratiba ya darasa la mtihani imeshonwa kila upande. Mkuu akajibu bila kupepesa jicho: "Mapumziko ya saa nne."

Yaani tunawanyang'anya watoto mapumziko ili tuwafundishe kufurahi. Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya watu.

"Mwalimu," Mkuu akaniambia, "anza na wewe mwenyewe. Mtazamo."

Alhamisi, Mei 9

Tumempata wa kuongoza matamko. Ni msichana wa darasa langu, wenzake wanamwita Redio kwa sababu haizimwi. Ana sauti inayofika barabarani. Anacheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe, na ukimkemea anakujibu "Samahani Mwalimu" kwa namna ambayo na wewe unacheka. Mkuu alimsikia mara moja tu akasema, "Huyo. Huyo ndiye sura ya mpango."

Kwenye hesabu ni wa katikati. Angekuwa mbele kama angefunga mdomo.

Jumanne, Mei 14

Mvua juu ya bati. Sikusikika hata mstari wa mbele. Niliandika ubaoni mpaka chaki ikaisha.

Ijumaa, Mei 17

Lazima niandike kuhusu Makamu wa Mkuu, nisije nikapasuka. Wanafunzi wanamwita Bwana Mstari. Kila asubuhi anawapanga kwa urefu, viatu kwa viatu, na akiona bega limetoka anatembea mstari mzima kwenda kulirudisha. Kabla ya hapo anasimama getini kukamata waliochelewa. Hajawahi kuonekana akitabasamu. Nimefanya naye kazi miaka mingi na sijui hata kama ana meno ya nyuma.

Leo Redio alichelewa. Nilimwona kupitia dirisha la darasa, amelowa, viatu mkononi. Bwana Mstari hakumwambia kitu. Alimwonyesha kidole kile kibanda chake kando ya geti, akaingia naye, mlango ukafungwa. Redio alitokea darasani somo likiwa nusu. Nikamuuliza kulikoni, akasema, "Hakuna kitu, Mwalimu," akafungua daftari upande wa mwisho, likiwa juu chini.

Mtoto anaongoza furaha ya shule nzima, halafu tunamfungia kibandani. Huo ndio mpango.

Jumatatu, Mei 20

Redio kachelewa tena. Kibandani tena.

Alhamisi, Mei 23

Darasa limechoka. Sisemi kuchoka kwa uvivu, huo naujua. Hawa wanaingia asubuhi, wanakaa, wanaandika, saa nne wanatoka kuimba kuhusu jua linalochomoza huku mvua ikiwapiga, wanarudi wamelowa, wanakaa tena mpaka mchana. Kijana mmoja leo alisinzia ameshika rula wima kama mshumaa. Nikaona nifanye kazi niliyotumwa. Nikafunga kitabu, nikawauliza, "Haya, semeni kweli. Nini kinawafurahisha hapa shuleni?"

Mmoja wa nyuma akajibu: "Kengele ya saa nne, Mwalimu. Ile ya zamani."

Darasa zima likacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu tufungue. Redio peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama dirishani, mdomo umefungwa, na nikajikuta namkumbuka yule Redio aliyekuwa akinisumbua.

Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu nikiwa bado na kicheko chao masikioni. Nikamwambia watoto hawahitaji wimbo, wanahitaji kupumua. Warudishiwe hata nusu ya mapumziko yao. Mkuu aliendelea kuandika. "Wageni wakishaondoka," akasema.

Wageni wakishaondoka. Niliuma meno njia nzima hadi nyumbani.

Jumapili, Mei 26

Nimefua. Nguo hazikauki.

Jumatatu, Juni 3

Leo nimeaibika na sijui niiweke wapi aibu yangu.

Redio alichelewa kwa mara nyingine, na nilipoona mlango wa kibanda unafungwa damu ikanichemka. Niliwaachia darasa zoezi, nikavuka uwanja kwenye matope, nikasukuma mlango bila kubisha. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu. Nilitaka kumwambia Makamu kwamba enzi za kutesa watoto zimepita.

Redio alikuwa amekaa kwenye kiti cha Makamu, amefunikwa koti la Makamu, anakula mkate. Makamu amechuchumaa, anamimina chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Viatu vya mtoto vimewekwa karibu na jiko dogo la mkaa vikauke.

"Funga mlango, Mwalimu," Makamu akasema. "Baridi inaingia."

Nikafunga. Mimi nikiwa ndani.

Ikabidi nielezwe. Bibi yake Redio, ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, amelazwa hospitali. Kaka yake ni fundi pancha, anamwangalia bibi mchana anapoachiwa na tajiri wake, na Redio analala wodini, chini, pembeni ya kitanda. Alfajiri anamuosha bibi, anambadilisha, ndiyo anaanza kutembea kuja shule. Ndiyo maana anachelewa. Kama angeandikwa mchelewaji, angeitiwa mzazi, na mzazi hayupo.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza mtoto.

Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemjibu mgonjwa. "Mwalimu, wewe ni wa furaha."

Makamu akajifanya anafunga kifuniko cha chupa.

Tulipotoka nikamwambia Makamu, "Nilidhani unamwadhibu."

"Najua ulichodhani," akasema. "Na wengine wote. Inasaidia. Hakuna anayekuja kuchungulia." Halafu akaona mwanafunzi anatembea nje ya njia, akaenda kumfokea.

Jumatano, Juni 5

Nilimwambia Mkuu yote. Nikaomba Redio aachiwe mazoezi, aondoke saa sita mpaka bibi yake apate nafuu. Mkuu alivua miwani. Alisikitika, siwezi kumsingizia. Akasema atamruhusu kuondoka saa nane badala ya saa tisa. Kuhusu kuongoza matamko, "Kumpa jukumu kunamjenga mtoto. Kunamsahaulisha."

"Hataki kusahau, Mkuu. Anataka kulala."

"Mwalimu, nimekusikia."

Nachukia neno hilo. Hakuna aliyewahi kuniambia "nimekusikia" halafu akafanya kitu.

Ijumaa, Juni 7

Bibi amefariki jana jioni. Kaka mtu alikuja shuleni asubuhi kumchukua mdogo wake, mikono yake bado na weusi wa mpira. Redio alikusanya vitabu vyake polepole, akavipanga kwa ukubwa. Hakulia.

Jumamosi, Juni 8

Tumemzika kwenye mvua. Nilikwenda na mume wangu, ambaye hakuniuliza kama ni lazima, alivaa tu viatu. Nilimkuta Bwana Mstari kaburini, suruali imekunjwa, koleo mkononi, anarudishia udongo uliokuwa unateleza. Alipomaliza aliwasogeza watu ili familia wapate nafasi ya kusimama, na watu walimtii bila kujua kwa nini.

Redio alinishika mkono, akashindwa kuuachia. Tukasimama hivyo.

Jumapili, Juni 9

Ujumbe kutoka kwa Mkuu: wageni wamebadilisha ratiba, wanakuja kesho. Kesho! Nikapiga simu hapo hapo. Nikamwambia Redio kamzika bibi yake jana, hata akija asiguswe. Mkuu akasema, "Bila shaka. Tutamweka kijana mmoja wa darasa la pili." Alisema kwa haraka, kwa moyo mweupe. Nikatulia.

Jumatatu, Juni 10

Naandika yote, vinginevyo sitalala.

Redio alikuja. Sikumtarajia. Alisema nyumbani kumejaa watu wanaomwambia ajikaze, akaona bora shule. Nikamwambia akae nyuma ya mstari, asifanye kitu.

Wageni walikuwa watatu: mama mmoja mwenye kishikwambi, kijana wa kupiga picha, na mzee mwenye mwavuli. Mvua ilikuwa imepumzika. Bwana Mstari aliwapanga wanafunzi mpaka uwanja ukaonekana umepigwa pasi. Nyimbo na igizo vikapita salama. Kisha yule kijana wa darasa la pili akapanda jukwaani kuongoza matamko, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Kikatoka kitu kama mlango usiotiwa mafuta. Wanafunzi wakaanza kucheka, mpiga picha akashusha kamera, na mama mwenye kishikwambi akatazama saa.

Niliona Mkuu anageuza kichwa, anatafuta, na nilijua anamtafuta nani. Nikaanza kusukuma watu nimfikie. Sikuwahi. "Njoo, mwanangu," Mkuu aliita, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama. "Tusaidie."

Redio akatoka mstarini. Amezoea kuitika. Akapanda, akasimama, akavuta pumzi kama anavyofanya siku zote, na shule nzima ikavuta naye.

"Nina—" akasema.

Akawatazama wageni mmoja mmoja, akasema kwa sauti yake ile ile inayofika barabarani, "Shikamooni. Bibi yangu tumemzika Jumamosi. Leo sina furaha. Naombeni nisiseme uongo."

Kisha akaongeza, polepole, kama mtu anayekumbuka alipoweka kitu: "Kesho yangu siijui."

Akashuka. Mzee mwenye mwavuli alivua kofia, akasema, "Pole sana, mwanangu," na mimi nikamfikia mtoto ndipo akalia, akalia kwa sauti, kifuani kwangu, mbele ya kamera na mabango yote ya furaha.

Na sasa sehemu inayonitia wazimu. Wageni walipoondoka, Mkuu alimwita ofisini akamwambia ameiaibisha shule. Aende nyumbani, arudi na mzazi, na siku atakayorudi aombe radhi mstarini. Arudi na mzazi! Nilikuwa pale. Niliuliza, "Mzazi yupi, Mkuu?" Akasema, "Mwalimu, usinipandie kichwani." Nikasema basi atafute mlezi mwingine wa mpango wake, nikaweka funguo za kabati la mabango mezani.

Jumanne, Juni 11

Nilifundisha. Kiti chake kilikuwa wazi. Kila aliyesimama kujibu alikitazama kwanza.

Jumatano, Juni 12

Kaka yake amekuja, kama mzazi. Kijana mdogo bado, amevaa shati la mazishi. Tuliitwa mimi na Makamu. Mkuu alizungumza kwa muda kuhusu nidhamu na jina la shule. Kaka mtu alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Mkuu, samahani," akasema alipopewa nafasi. "Aombe radhi kwa kosa gani? Ili nikamweleze vizuri."

"Kwa kusema vile mbele ya wageni."

"Lakini alisema kweli."

Mkuu akapekua mafaili mezani. Kisha akasema utaratibu ni utaratibu, ataomba radhi kesho mstarini, na jambo liishe.

Hapo Makamu akakohoa. Mtu huyu sijawahi kumsikia akibishana na mkubwa wake hata kuhusu hali ya hewa. "Mkuu," akasema, "mstari ni mimi ninayeupanga."

"Ndiyo. Kwa hiyo?"

"Kesho sitaupanga."

Mkuu alimtazama kama aliyesikia kabati linaongea. Makamu akasimama, akarekebisha kola yake, akamwambia yule kaka, "Twende nikusindikize, mwanangu." Wakatoka. Nikabaki mimi na Mkuu na ile saa ya ukutani.

Alhamisi, Juni 13

Hakupanga. Kengele ya asubuhi ililia, wanafunzi wakaja uwanjani, wakamkuta Bwana Mstari amekaa kwenye benchi nje ya kibanda, anakunywa chai. Wakasubiri wafokewe. Hawakufokewa. Mkuu alipiga makofi, akaita, akajaribu kuwasogeza kwa mikono, lakini kila alipounganisha huku, kule kunabomoka. Hawakuwa watukutu, hawakujua tu pa kusimama. Mwisho wakakaa makundi makundi wakaanza kuongea. Niliwazungukia. Walikuwa wanaongelea mpira, mvua, bibi zao.

Hakuna matamko yaliyotamkwa. Hakuna aliyekufa.

Saa nne, wakati wa mazoezi ya kuimba, kengele ililia ule mlio mrefu wa zamani, wa mapumziko. Nilichungulia. Makamu mwenyewe alikuwa ameshika kamba. Darasa langu lilinitazama, lina wasiwasi, kama ndege wanaofunguliwa tundu. "Mnasubiri nini?" nikawaambia. "Tokeni!"

Ijumaa, Juni 14

Mkuu aliniita. Nilikwenda shingo upande, nimejiandaa kuhamishwa. Nilimkuta amevua viatu chini ya meza. Macho yamevimba.

"Unadhani mimi ni mtu mbaya," akasema.

Sikukana. Nilikuwa nimechoka kukana vitu.

Akaniambia matokeo ya mwaka jana yalipotoka aliitwa, akasimamishwa mbele ya wakuu wenzake, akaulizwa kwa nini watoto wake hawana ari. Kwenye semina wakamwambia ari huanza na maneno. Akashika maneno. "Na mimi kila asubuhi nilikuwa nayasema," akasema. "Kwenye kioo. Nina furaha, naweza." Alicheka kidogo, halafu hakucheka. "Yule mtoto aliposema siijui kesho yangu, nilimkasirikia kwa sababu na mimi siijui."

Laiti angesema hivyo siku ya kwanza, mbele ya kabati la vikombe. Tungempenda. Nilimwambia. Akasema, "Nimekusikia," na mara nikamkunjia uso, naye akaona, akasema haraka, "Haya. Arudi Jumatatu. Hakuna radhi. Mapumziko yao wachukue."

Nilikuwa mlangoni akaniita tena. "Lakini matamko yatabaki. Kila Jumatatu tu."

Siwezi kushinda kila kitu kwa siku moja.

Jumatatu, Juni 17

Redio amerudi. Makamu alimpanga mahali pake bila neno, akamrudisha bega ndani ya mstari kama bega jingine lolote. Matamko hayakuongozwa na mtu yeyote, yakavutwavutwa yakafa katikati. Saa nne nilimwona amekaa ukutani na wenzake. Haongei. Lakini wenzake wanaongea, na hawamwambii ajikaze.

Jumatatu, Juni 24

Barua ya wageni imefika. Wamesifu usafi na nyimbo. Wameshauri igizo liwe refu zaidi. Kuhusu mtoto, hakuna hata neno. Nilitaka kuichana, Mkuu akaniwahi, akaichana yeye.

Jumatano, Julai 3

Mvua. Bati. Chaki.

Ijumaa, Julai 12

Tumefunga shule. Walimu walikuwa wanagawana keki ofisini, mimi nikaenda darasani kuchukua bikari yangu. Redio alikuwa peke yake kwenye dawati, kitabu cha hesabu mbele yake.

"Huendi nyumbani?"

"Naenda, Mwalimu. Kuna vile vipindi nilivyokosa nikiwa wodini. Milinganyo. Likizo yote nitakaa navyo na sivijui."

Nilikuwa na maneno mazuri ya kumpa, muhula mzima nimeyabeba. Nikayaacha yalipo, nikavuta kiti, nikachukua kalamu. Nikamwonyesha wa kwanza. Wa pili akafanya mwenyewe, akapata. Wa tatu akakosa. Akafuta, akafanya tena, akakosa tena, akafuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Akatupa kalamu.

"Hii hesabu ni ya kijinga!" akapaza sauti, ile ile, nadhani hata kule kwenye keki walimsikia. "Nani aliitunga? Huyu mtu hana kazi? Eti tafuta x. Kwani nani kaipoteza? Mwalimu, kweli unaipenda hii? Kwa hiari yako?"

Akaendelea hivyo, anamlaani aliyetunga kitabu na waliokichapa, mikono hewani, hapumui, haizimwi. Sikumkatisha. Nilikaa pale namsikiliza anavyolalamika, nimefunika mdomo kwa kiganja, mpaka alipoishiwa, akaokota kalamu sakafuni, akafungua ukurasa mpya, akasema, "Haya. Nionyeshe tena."